Mdhamini Ndiye Mlipaji: Jinsi ya Kusoma Mkopo wa Nje Uliosainiwa kwa Jina Lako

Kisiwa cha Macaloe kiko kaskazini mwa visiwa vya Quirimbas, kati ya Ibo na Mocímboa da Praia, katika bahari ambayo Wamwani wameivua kwa mishipi, nyavu na madema tangu zama za mababu zao. Mwaka 2013 kampuni za serikali ya Msumbiji zilianza kukopa mamia ya mamilioni ya dola kwa jina la pwani hii na pwani nyingine zote za nchi: kuilinda, na kumvua jodari wake. Mvuvi wa huku hakuulizwa. Hata wabunge waliokuwa Maputo hawakuulizwa. Lakini deni liliandikwa kwa jina la Jamhuri, maana yake kwa jina la mvuvi huyo pia, na sehemu yake imepangwa kulipwa hadi mwaka 2031.

Makala hii ni ya mtu asiye mwanasheria wala mtu wa benki. Inaeleza namna mkopo wa kimataifa unavyofungwa, vipengele gani humfunga raia, na mahali pa kuvitafuta. Kisa cha Msumbiji kimepewa nafasi kubwa kwa sababu karatasi zake zimesomwa hadharani katika mahakama za Maputo, London na New York. Ni mara chache raia wa kawaida hupata kuona mkopo wa nchi yake ukifunuliwa ukurasa kwa ukurasa namna hiyo.

Kampuni tatu, mdhamini mmoja

Kampuni ya kwanza, ProIndicus, ilikuwa ilinde pwani kwa rada na boti za mwendo kasi. Ya pili, EMATUM, ilikuwa ivue jodari. Ya tatu, MAM, ilikuwa ijenge karakana za kuvitengeneza vyombo hivyo. ProIndicus ilikopa dola milioni 622, EMATUM milioni 850, MAM milioni 535. Jumla yake inapita bilioni mbili. Wakopeshaji wakuu walikuwa Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi, na muuzaji wa vyombo alikuwa kundi la kampuni la Privinvest. Benki zilimlipa muuzaji moja kwa moja, kwa hiyo fedha zilizoandikwa kuwa ni mkopo wa Msumbiji hazikupita Msumbiji. Meli 24 za uvuvi zililetwa kweli, na kwa miaka mingi watu wa Maputo walizoea kuziona zimefungwa bandarini.

Kampuni hizo tatu zilizokopa zilikuwa changa, hazina mtaji wa maana wala rekodi ya biashara. Zilipata mkopo kwa sababu ya karatasi nyingine iliyoambatanishwa na mkataba: dhamana ya serikali, yenye saini ya waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kukaza macho. Mtu akimdhamini nduguye dukani kwa gunia la mchele, na ndugu akashindwa kulipa, mwenye duka hafungi safari kumtafuta ndugu. Anabisha hodi kwa mdhamini. Dhamana ya serikali hufanya kazi hivyo hivyo, na mara nyingi huwa kali zaidi. Mikataba hii huandika kwamba dhamana "haina masharti" na "haiwezi kutenguliwa". Maneno hayo yana uzito wake. Yana maana kwamba benki haina haja ya kuthibitisha kuwa meli zinaelea, kuwa jodari amevuliwa, au kuwa bei ilikuwa ya haki. Inatosha kuonyesha kwamba siku ya malipo imepita na fedha hazijalipwa.

Kwa hiyo ukisikia waziri akisema "serikali haijakopa, ni kampuni iliyokopa", swali la kuuliza ni moja: nani mdhamini? Deni la kampuni lenye dhamana ya Hazina ni deni la umma linalosubiri siku yake. Kwa EMATUM siku hiyo haikukawia. Mwaka 2016 hati zake za mkopo zilibadilishwa kuwa hati fungani za serikali moja kwa moja, na Januari 2017 Msumbiji ikashindwa kulipa riba ya karibu dola milioni 60.

Mikopo ya ProIndicus na MAM ilikuwa imefichwa. Ilipojulikana Aprili 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa lilisitisha fedha zake, na nchi wahisani zilizokuwa zikichangia bajeti zikafanya vivyo hivyo. Metikali ikaporomoka, na bei za vyakula vinavyoagizwa kutoka nje zikapanda. Taasisi ya CIP ya Maputo na ile ya CMI ya Norway zilikadiria mwaka 2021 kwamba hasara kwa nchi ilifika angalau dola bilioni 11, zaidi ya mara tano ya fedha zenyewe zilizokopwa. Hesabu hiyo huonekana zahanati isipokuwa na dawa na shule isipokuwa na madawati, na iliuma pia Cabo Delgado, mkoa wa visiwa hivi, ambako vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017.

Kurasa za mwisho

Watu wengi wakishika mkataba wa mkopo hutafuta kiasi na riba. Riba ni muhimu, bila shaka: hati za awali za EMATUM zilikuwa na riba ya asilimia 6.305, na zile za milioni 900 zilizotolewa mwaka 2019 baada ya deni kupangwa upya zilianza na asilimia 5 na kupanda hadi 9. Lakini mimi ningemshauri msomaji aanzie nyuma, kwenye kurasa za mwisho ambazo wengi huziruka. Huko ndiko kunakoandikwa mkataba unaongozwa na sheria ya nchi gani, na ugomvi utaamuliwa wapi.

Mikataba mingi mikubwa ya fedha duniani hufuata sheria ya Uingereza au ya jimbo la New York. Mabenki huzipenda kwa sababu zimezoeleka, mahakama zake zina uzoefu mrefu wa kesi za fedha, na serikali inayokopa haiwezi kuzibadilisha kwa kura ya bunge lake. Dhamana za Msumbiji ziliwekwa chini ya sheria ya Uingereza na mahakama za London. Mikataba ya kununua vyombo, kwa upande mwingine, ilifuata sheria ya Uswisi, na ugomvi wake ulipaswa kwenda kwenye usuluhishi wa faragha huko huko Uswisi.

Tofauti hiyo ilizaa kesi ndani ya kesi. Msumbiji ilifungua madai London mwaka 2019 ikisema dhamana zilipatikana kwa rushwa. Privinvest ikajibu: ugomvi huu unatokana na mikataba ya ununuzi, uende Uswisi kwa wasuluhishi. Mabishano ya wapi kesi isikilizwe yalichukua zaidi ya miaka minne, hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua tarehe 20 Septemba 2023 kwamba madai ya rushwa katika dhamana hayamo ndani ya kipengele cha usuluhishi, hivyo London ina haki ya kuyasikiliza. Miaka yote hiyo kiini cha jambo, yaani nani alimhonga nani, hakikuwa kimesikilizwa bado katika kesi hiyo. Na mawakili hulipwa kwa saa.

Wakenya wana mfano wao. Novemba 2022 serikali ilitoa hadharani sehemu ya mikataba ya reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyosainiwa mwaka 2014 na benki ya Exim ya China. Wananchi walisoma kwa mara ya kwanza kwamba mkataba unaongozwa na sheria za China, kwamba usuluhishi utafanyika Beijing, na kwamba masharti yake yalitakiwa kuwa siri. Hakuna lililokuwa jipya hapo. Yalikuwa yameandikwa tangu siku ya saini, miaka minane nyuma.

Usuluhishi si jambo baya kwa asili yake. Huwa wa haraka kuliko baadhi ya mahakama, na uamuzi wake unatambuliwa katika nchi nyingi kwa sababu ya Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964 na Msumbiji mwaka 1998. Ubaya wake kwa raia ni kwamba hufanyika milango ikiwa imefungwa. Mahakamani mwandishi wa habari anaweza kuketi na kuandika. Mbele ya wasuluhishi hana kiti. Kwangu mimi, mkopo unaolipwa kwa kodi ya umma haupaswi kuwa na ugomvi wa siri.

Nchi inaposhtakiwa, na ndege inapozuiliwa

Kwa desturi ya sheria za kimataifa, dola moja haiburuzwi kwenye mahakama ya dola nyingine. Hiyo ndiyo kinga ya dola. Ila nchi inaweza kuiweka kando yenyewe, na katika mikataba ya mikopo ya kibiashara karibu kila mara huiweka kando. Tafuta kipengele kinachosema mkopaji "anaacha kinga" yake, kisha soma kama anaiacha kwa mashtaka tu au pia kwa kukamatwa mali. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kushtakiwa ni kuitwa mahakamani. Kukamatwa mali ni mtu kuja na amri na kushika kitu chako.

Watanzania wameliona hili kwa macho. Mwaka 2017 ndege mpya iliyokuwa inasubiriwa kutoka Canada ilizuiliwa huko huko kwa sababu ya deni la kampuni ya ujenzi iliyokuwa imeshinda katika usuluhishi. Agosti 2019 ndege nyingine ya Air Tanzania ilishikiliwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyekuwa akidai fidia ya mali iliyotaifishwa, na abiria wakakwama hadi mahakama ilipoiachia mwezi uliofuata. Mdai hutafuta mali popote ilipo, hasa mali ya biashara, kwa kuwa balozi na vifaa vya jeshi kwa kawaida haviguswi.

Jambo jingine: deni huuzwa. Uliyekopa kwake leo huenda siye atakayekudai kesho. Zambia ilikopa kwa Romania miaka ya 1970 kununua matrekta. Mwaka 1999 kampuni moja ilinunua deni hilo kwa zaidi kidogo ya dola milioni 3, kisha ikaidai Zambia London milioni 55. Mwaka 2007 mahakama iliamuru ilipwe takriban milioni 15. Angalia kama mkataba unamruhusu mkopeshaji kuuza deni bila ridhaa ya mkopaji. Mara nyingi unamruhusu.

Dola hupita New York

Kwa nini waziri wa Msumbiji ahukumiwe Brooklyn, New York? Watu wengi wa pwani waliuliza hivyo, na jibu limo katika njia ya fedha yenyewe.

Ukituma dola kutoka benki ya Abu Dhabi kwenda benki ya Uswisi, noti hazisafiri. Benki hizo mbili huwa na akaunti kwenye benki kubwa za Marekani, na malipo hukamilika kwa tarakimu kupungua upande mmoja na kuongezeka upande mwingine, mara nyingi New York. Sekunde hizo chache huwapa waendesha mashtaka wa Marekani sababu ya kusema: uhalifu umepita nyumbani kwetu. Isitoshe, wawekezaji wa Marekani walikuwa wamenunua sehemu ya mikopo hiyo.

Chang alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Johannesburg tarehe 29 Desemba 2018, akakaa kizuizini Afrika Kusini huku Msumbiji na Marekani zikimgombea, na akapelekwa Marekani Julai 2023. Agosti 2024 baraza la mahakama lilimkuta na hatia ya kula njama za udanganyifu na utakatishaji fedha, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu na kuamriwa kurejesha dola milioni 7. Lakini njia hiyo haina uhakika kila mara: mwaka 2019 mfanyabiashara wa Privinvest aliyeshtakiwa katika mahakama hiyo hiyo aliachiwa huru.

Benki nayo iliguswa. Oktoba 2021 Credit Suisse ilikubali kulipa karibu dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza, na kusamehe dola milioni 200 za deni la Msumbiji.

Fedha za mkopo huweza kupotelea pia kwenye ada za uwakala, kwa hiyo nazo ziangaliwe. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa inatafuta mkopo wa dola milioni 600 kupitia Stanbic Tanzania na Standard Bank ya London. Ada ilianza kwa asilimia 1.4, kisha ikapanda hadi 2.4, na asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya ndani iliyoitwa EGMA, ambayo haikuonekana kuwa na kazi yoyote iliyoifanya. Fedha zilipoanza kutolewa kwa noti taslimu, wafanyakazi wa benki ndio walioshtuka na kutoa taarifa. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano, na Tanzania ikarejeshewa dola milioni 7 pamoja na riba ndani yake. Asilimia moja inaonekana ndogo. Igeuze kuwa fedha kabla hujaipita.

Raia elfu mbili

Huenda ukasema: yote haya ni ya wakubwa, mtu wa kisiwani ataingilia wapi? Msumbiji imetoa jibu la vitendo, na ndilo linalonipa moyo zaidi katika kisa hiki chote.

Katiba ya Msumbiji inataka Bunge liidhinishe mikopo ya zaidi ya mwaka mmoja na kuweka kikomo cha dhamana za serikali. Katiba hiyo hiyo inawapa raia 2,000 haki ya kuliomba Baraza la Katiba lipime uhalali wa tendo la serikali. Mashirika yaliyoungana katika jukwaa la kufuatilia bajeti yakakusanya saini hizo. Tarehe 3 Juni 2019 Baraza likatamka kwamba mkopo wa EMATUM na dhamana yake ni batili. Mei 2020 likatamka hivyo hivyo kwa ProIndicus na MAM.

Je, deni lilifutika? Hapana, na hili lieleweke vizuri. Baraza la Katiba lilisema kwa sheria ya Msumbiji. Dhamana iliandikwa kwa sheria ya Uingereza. Serikali yenyewe ilikwenda mbele kupanga upya hati fungani na wawekezaji mwaka ule ule wa 2019. Hata hivyo hukumu ya Baraza iliweka wazi kwamba Bunge lilirukwa, na ikawapa raia msingi wa kuhoji kila malipo yaliyofuata. Kesi ya London nayo iliendelea. Oktoba 2023 UBS, iliyokuwa imeinunua Credit Suisse, ilimalizana na Msumbiji nje ya mahakama. Tarehe 29 Julai 2024 Jaji Robin Knowles akaamua kwamba Privinvest ilimhonga Chang, na akaipa Jamhuri ushindi wa zaidi ya dola milioni 825. Kushinda ni hatua moja na kukusanya fedha ni nyingine. Mshindi naye sasa ndiye anayetafuta mali ya aliyeshindwa, kwa kanuni zile zile zilizozuia ndege Johannesburg.

Namna ya kuomba karatasi

Anza na waraka wa matarajio (kwa Kiingereza, prospectus). Hati fungani ikiuzwa kwenye soko la hisa la nje, nchi hulazimika kuchapisha waraka huo, na hupatikana kwa yeyote. Hati za EMATUM ziliorodheshwa Ireland. Waraka ni mrefu na umeandikwa kwa Kiingereza, ila nenda kwenye sura ya hatari: humo serikali humwambia mwekezaji wa mbali mambo ambayo pengine haijawaambia wananchi wake, kuhusu madeni, vita na kesi.

Pili, tumia sheria ya haki ya kupata habari. Msumbiji ina Sheria Namba 34 ya mwaka 2014, inayotoa siku 21 za kujibiwa. Kenya ina sheria ya 2016 yenye siku 21 pia, na Tanzania ina ya mwaka huo huo yenye siku 30. Barua iwe fupi na iombe kitu mahususi. Usiombe "taarifa za deni". Omba nakala ya dhamana, tarehe ya kikao cha Bunge kilichoiidhinisha, jina la mkopeshaji wa sasa, ada zote zilizolipwa na kwa nani, sheria inayoongoza mkataba, na ratiba ya malipo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, kwa sababu siku huhesabiwa kuanzia hapo.

Kwa watu wa Cabo Delgado kuna la kuongeza. Gesi ya bonde la Rovuma imeanza kusafirishwa tangu Novemba 2022 kutoka mtambo wa Coral Sul unaoelea baharini. Sheria ya Januari 2024 iliyoanzisha mfuko wa taifa wa akiba inasema kwa miaka 15 ya kwanza asilimia 40 ya mapato ya gesi iende kwenye mfuko na 60 kwenye bajeti. Uliza kama kuna mkopo wowote uliowekewa mapato hayo kuwa rehani, maana mkopo wa namna hiyo hulipwa kabla fedha hazijagawanywa.

Na karatasi ikikufikia wewe mwenyewe, iwe ya fidia ya mji wako, ya hoteli inayotaka ufuo, au ya mnunuzi wa pweza kutoka nje, tafuta mambo yale yale kwa udogo wake. Ardhi Msumbiji ni mali ya dola, ila jamii inayoitumia ina haki inayotambuliwa na sheria ya 1997, na ni lazima ishirikishwe kabla mwekezaji hajapewa. Dai karatasi isomwe kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili mbele ya mashahidi. Uliza malipo ni kwa metikali au dola, kwa kiwango cha siku gani. Uliza mkigombana mtakwenda wapi. Wakikutajia mji usioweza kuufikia kwa nauli yako, waombe wabadilishe mahali hapo kabla hujatia dole gumba. Na usiondoke bila nakala yenye saini za pande zote mbili.